Namba zangu zote zilikuwa shufwa

Kila ikifika Mei simu zinaanza. Ni wadogo zangu wa mtaani, wa Pasua na Majengo hapa Moshi, wako vyuoni na likizo ndefu inakaribia. "Dada shikamoo. Ule mradi wa watoto uliofanya ukiwa chuo, walikulipa kweli? Uliupataje?" Huwa najibu haraka haraka kwa sababu niko kazini, na nikishakata simu najisikia nina deni, maana lile la muhimu sikulisema. Leo nimekaa nalisema lote, pamoja na lile ninaloona haya kulisema.

Ndiyo, walinilipa. Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea shahada ya sayansi ya maabara ya afya. Mradi ulikuwa utafiti wa watoto wenye kikohozi, na ulichukua wanafunzi wachache kwa wiki 10, kuanzia mwisho wa Juni. Posho iliingia kwenye simu kila baada ya wiki mbili, na ndani yake mlikuwa na nauli na chakula cha mchana. Haikuwa hela ya kununulia kiwanja. Ilitosha kwa jambo moja tu, na kwangu jambo hilo ndilo lililofungua mlango: ilitosha mama akubali nisiende sokoni.

Mama anauza mchele na maharage Mbuyuni. Tangu niko kidato cha kwanza, likizo zangu zote nilikaa kwenye mizani asubuhi wakati yeye amefuata mpunga Mabogini au Chekereni. Nisipokuwepo inabidi amweke kijana na amlipe. Mwaka mmoja kabla ya mradi huu nilipata nafasi mahali pengine, ya kujitolea bure kwa miezi miwili. Nilipiga hesabu ya nauli ya daladala, ya chakula, na ya yule kijana wa kukaa kwenye mizani. Nikaandika barua ya kushukuru na kukataa. Wenzangu wawili ambao wazazi wao wana mishahara walikwenda, na waliporudi chuoni walikuwa wanaongea lugha ambayo mimi siielewi: itifaki, ridhaa, kamati ya maadili. Hawakuwa na akili kunizidi. Walikuwa na nauli. Mpaka leo nikisikia mtu anasema mwanafunzi akipenda kweli sayansi atajitolea tu, naumia, kwa sababu nawajua niliosoma nao ambao hawajawahi kuingia wodini hata siku moja kwa ajili ya nauli tu.

Kwenye mradi nilimkuta mwanafunzi kutoka Marekani, wa rika langu, amekuja kwa muda huo huo. Yeye kulipwa hakukumshangaza hata kidogo. Aliniambia kwao hospitali nyingi za watoto huchukua wanafunzi wa shahada ya kwanza wakati wa kiangazi, wanawekwa chini ya mtafiti mmoja, wanalipwa, na mwisho wanasimama mbele ya watu kueleza walichofanya. Mwaka uliotangulia alikuwa ameomba kwenye hospitali ya St. Jude kule Memphis, ile ya saratani za watoto, akakosa, akaomba kwingine. Kwao ni kiangazi. Hapa Moshi Julai ni kipupwe, wingu linakaa juu ya mji siku nne mlima hauonekani, na yeye alikuja na nguo za jua. Jumamosi ya kwanza nilimpeleka soko la Memorial tukamtafutia sweta.

Kuhusu kuomba nitasema kidogo tu. Tangazo lilikuja kwenye kundi la darasa. Walitaka matokeo ya mwaka wa kwanza, majina ya wadhamini wawili na barua isiyozidi ukurasa mmoja. Barua yangu ya kwanza niliinakili kwa rafiki: mimi ni kijana mchapakazi, ninayejituma, na kadhalika. Mwalimu wangu aliisoma akanirudishia, akaniuliza, "Wewe uko wapi humu?" Nikaandika nyingine. Nikasema sijawahi kumpima mtoto mgonjwa, lakini miaka sita nimekaa kwenye mizani ya mama yangu, najua jiwe la kilo linavyolika, najua Wakala wa Vipimo wakija wanaangalia nini kabla ya kugonga muhuri, na najua mteja anavyoangalia mkono wako na siyo mizani. Kwenye usaili waliniuliza kuhusu hiyo mizani tu.

Mradi ulikuwa unafuatilia watoto wa chini ya miaka 5 wanaoletwa na kikohozi na kupumua kwa shida. Mtoto akionekana ana nimonia isiyo kali anapewa amoksilini, vile vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, anarudi nyumbani, nasi tunamfuatilia tuone nani anapona na nani anarudi amezidiwa. Kazi yangu ilikuwa kusaidia kuandikisha: kusoma kadi ya kliniki, kupima uzito, kuzungusha utepe kwenye mkono wa juu, kuweka oksimita, kile kipimo cha oksijeni ya damu, kwenye kidole, na kuhesabu pumzi.

Kuhesabu pumzi kunaonekana kazi ya mtoto wa shule, lakini ndiyo iliyonifundisha na ndiyo iliyoniangusha. Ukiwa na mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, kikomo ni 40. Viwango hivyo ni vya Shirika la Afya Duniani, na kwenye zahanati isiyo na eksirei ndivyo vinavyoamua mtoto apewe dawa ya nimonia au la. Mtoto awe ametulia, asiwe ananyonya, asiwe analia. Unafunua nguo unaangalia kifua au tumbo likipanda na kushuka, unahesabu dakika nzima. Dakika nzima, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja: atakwenda mbio, atasita, atakwenda tena.

Tulipewa kisaa kidogo cha kuhesabia. Kinagonga sekunde kwa sekunde, nusu dakika ikifika kinalia, dakika ikitimia kinalia tena. Ule mlio wa nusu dakika naukumbuka mpaka leo.

Kabla sijafika huko nimtaje sista wa mradi, muuguzi mtu mzima wa Kibosho, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa ridhaa. Mimi nilidhani ridhaa ni karatasi, mzazi anasaini mnaendelea. Sista alikuwa anaweza kukaa na mama mmoja dakika arobaini. Alikuwa na kijiko cha chai kwenye mfuko wa gauni. Mzazi akiuliza damu mnayotoa mnaipeleka wapi, maana maneno ya mtaani yapo, kwamba damu za watoto zinauzwa, sista hakasiriki na wala hacheki. Anatoa kijiko anasema, "Tunachukua mililita tatu. Kijiko hiki ni tano. Haikijazi." Kisha anaeleza inapimwa nini, inakaa wapi, na nani aliyeruhusu: kwamba utafiti huu umepewa kibali na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ile NIMR, na kwamba mzazi ana haki ya kukataa leo, au kukubali leo na kujitoa kesho, na mtoto atatibiwa vile vile. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi ambaye si mtu wa mradi, ndipo anaweka dole gumba.

Siku moja alikuja bibi na mjukuu wa mwaka na nusu, mbavu zinabonyea ndani, na ametimiza vigezo vyote. Bibi akasema, "Andikeni, mwanangu, mimi ndiye ninayemlea." Nilishashika kalamu. Sista akaniwekea mkono juu ya karatasi. Mama wa mtoto yuko hai, yuko Arusha, anafanya kazi, na hakuna pahali palipoandikwa kwamba amemkabidhi bibi haki ya kuamua. Akapigiwa simu, hakupatikana. Mtoto akatibiwa kama mtoto mwingine yeyote, na kwenye utafiti wetu hakuingia. Mimi nilinuna. Wiki ile tulikuwa nyuma ya malengo, na nilimwona sista kama mtu wa kushikilia vifungu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa na haraka.

Haraka hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye kosa.

Wiki ya nne foleni ilikuwa ndefu, baridi imeleta vikohozi, kibaraza kimejaa. Mtoto anatulia sekunde ishirini analia, unaanza upya, anatulia, anataka kunyonya, unaanza upya. Mtoto mmoja anaweza kukuchukua robo saa kwa dakika moja tu ya kuhesabu. Kisaa kikalia nusu dakika, nimefika 19, mtoto akaanza kukunja uso. Nikaandika 38. Nikajiambia ni huyu mmoja tu. Kwa siku nane zilizofuata nilifanya hivyo kwa wote. Nahesabu mpaka mlio wa kwanza, nazidisha mara mbili. Foleni ikawa inakwenda. Wauguzi wakanisifu kwamba nimeshakuwa mwepesi, na nilizipokea sifa.

Kijana wa takwimu ndiye aliyeniita, Alhamisi jioni, watu wameshaondoka. Alikuwa na mchoro kwenye kompyuta, nguzo nguzo, kila nguzo ni namba ya pumzi. Hakuniuliza nimefanya nini. Aliniambia, "Angalia zako." Nguzo kwenye 36, kwenye 38, kwenye 42, kwenye 48. Katikati hakuna kitu. Watoto 38, na hakuna hata mmoja mwenye namba witiri. Zote shufwa. "Watoto wa Moshi," alisema taratibu, "hawapumui kwa jozi."

Nilijaribu kusema kitu, sauti haikutoka. Nikalia, halafu nikamweleza yote, na yeye akasema twende kwa msimamizi sasa hivi, tusingoje kesho.

Msimamizi, daktari wa watoto, alinisikiliza mpaka mwisho. Kitu cha kwanza hakikuwa mimi. Alitaka orodha ya watoto wote ambao niliandika chini kidogo ya kikomo: wa chini ya mwaka mmoja wenye 46 na 48, wa zaidi ya mwaka wenye 36 na 38. Walikuwa 11. Daktari wa zamu alikuwa amewaona wote siku waliyokuja, hakuna aliyeondoka bila kuchunguzwa, lakini namba yangu ilikuwa moja ya vitu alivyoviangalia kuamua. Sista akakaa na simu mpaka usiku anapigia wazazi mmoja mmoja. Asubuhi walirudi tisa, wawili walikuwa wameshapona kabisa na mama zao wakasema hawaoni haja. Katika wale tisa, mmoja, wa miezi minane, ambaye mimi nilimwandikia 48, sista alihesabu mara mbili akapata 53 na 54. Alianzishiwa dawa saa ile ile. Alipona. Nilimfuatilia mimi mwenyewe kila siku ya ratiba mpaka ya mwisho, na sura yake naijua hata leo ningekutana naye stendi.

Zile namba 38 hazikufutwa. Kwenye fomu za utafiti hakuna kufuta, hakuna tipeksi. Unapiga mstari mmoja juu ya ulichokosea, namba ya zamani ibaki inasomeka, unaandika pembeni sababu, herufi za jina lako na tarehe. Nilikaa siku nzima napiga mistari. Mara 38 niliandika kwamba pumzi zilihesabiwa nusu dakika kinyume na itifaki, yaani utaratibu wa utafiti ulioandikwa. Kisha ikaandikwa taarifa ya ukiukwaji ikaenda kwenye kamati ya maadili, ile inayolinda haki za wanaoshiriki utafiti, na hesabu zile za pumzi zikaondolewa kwenye uchambuzi.

Nilijua nafukuzwa, nikaona nitangulie. Nikamwambia msimamizi nitarudisha posho ya zile wiki mbili. Nilikuwa nimeshampa mama nusu yake, lakini ningetafuta. Alitikisa kichwa. Akasema, "Unafikiri tunakulipa kwa kila mtoto unayemwandikisha? Tunakulipa ili usiwe na sababu ya kuwa na haraka. Hukujua hilo, na kosa la kutokukueleza ni letu pia." Akanipa kazi upya, chini ya macho ya sista, wiki nzima kila ninayemhesabu naye anamhesabu, hatuonyeshani mpaka wote tumeandika.

Nyumbani nilimweleza mama jioni, anachambua maharage kwenye ungo. Hakuwa anajua itifaki wala shufwa. Alisikiliza, akatupa kokoto moja nje, akasema, "Kwa hiyo uliwapunja." Basi. Hakuongeza neno. Pale Mbuyuni kuna mfanyabiashara aliyewahi kukutwa amelichimba jiwe la kilo kwa chini, na miaka imepita, na wateja wakipita kwenye meza yake bado wanageuza uso. Mama hakumtaja.

Ijumaa tulikuwa na kikao cha kusoma makala moja ya utafiti. Ijumaa ile msimamizi alileta utafiti unaoitwa FEAST, na nadhani aliuchagua kwa ajili yangu, ingawa hakunitazama. Ulifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu, hospitali ya Muheza kule Tanga. Watoto 3,141 walioletwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kulegea. Madaktari wengi walikuwa wamefundishwa mtoto kama huyo apewe dripu ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Majibu yakatoka 2011. Katika waliopewa maji ya haraka, ndani ya saa 48 walifariki kati ya 10 na 11 katika kila 100. Ambao hawakupewa, kama 7. Kile kilichodhaniwa kinaokoa kilikuwa kinaua.

Msimamizi akauliza: tofauti ni ngapi? Tukasema kama watatu katika mia. Akauliza tena: kama wasaidizi wa utafiti kwenye zile hospitali wangekuwa wanajaza fomu kwa kukisia, hao watatu tungewaona? Chumba kilinyamaza. Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha, naona migomba ya jirani inapepea, na nilielewa kitu ambacho miaka miwili ya darasani haikunipa. Kuna watoto leo, pengine hata hapa Moshi, wanaoishi kwa sababu mtu fulani usiku kule Muheza aliandika saa na dakika kama ilivyokuwa.

Ndiyo maana wadogo zangu wakiniuliza kama kazi ya likizo yenye posho ni nzuri, nasema itafuteni, na nasema pia muulize mambo mawili kabla ya kusaini. La kwanza, nani atakaa na wewe kukufundisha, jina lake, si idara. Nimewaona waliolipwa vizuri wakaishia kutoa fotokopi na kupanga mafaili wiki 10. La pili, posho inahesabiwaje. Mahali panapokulipa kwa kichwa cha kila mtoto unayemwandikisha, kaa mbali napo. Si kwamba wewe ni mwizi. Siku foleni imejaa kibarazani, hela ile itakuwa inakusukuma kwa nyuma kama ile foleni ilivyonisukuma mimi, na mimi nilikuwa nalipwa kwa wiki. Mengine, kama cheti na barua ya kupendekezwa, yanakuja yenyewe ukifanya kazi vizuri. Barua yangu ilitaja kosa langu na ilitaja nilivyolirekebisha, na kazi niliyonayo sasa niliipata kwa barua hiyo hiyo.

Wiki ya mwisho tulikuwa zahanati moja ya upande wa tambarare, kwenye mashamba ya mpunga, mahali ambapo hata Agosti jua linachoma. Mtoto wa miezi saba amelala mapajani kwa mama yake, kanga imefunguliwa, kitumbo kinapanda na kushuka. Sista alikuwa ndani, siku hizo alishaacha kunisimamia. Nikabonyeza kisaa. Nusu dakika ikalia, nilikuwa kwenye 24. Nikaendelea. Kama sekunde ya arobaini na tano mtoto akakohoa, akashtuka, akafungua macho, hesabu ikanipotea.

"Samahani dada," nikamwambia mama yake, "naanza upya."

"Anza tu," akasema, anampigapiga mgongoni arudi usingizini. "Sisi hatuna haraka."

Tukasubiri atulie. Nikabonyeza kisaa tena.